Jina la Mzee Blogu

Benchi hili ni langu, nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wameanza kusahau. Nililipigilia mwenyewe, nikaliweka mbele ya banda langu la kutengeneza baiskeli hapa Ngokolo ili mteja apumzike wakati naziba pancha. Wateja hawajalipata hata siku moja. Alianza kulikalia Duara, akaja Bungeni, na Mama Limi alipoona watu wamekaa akaleta jiko na birika la kahawa. Wa nne alikuwa Mzee Blogu, aliyekaa upande wa ukutani na simu yake kwa miaka saba, akiandika kwa kidole kimoja. Alhamisi alasiri alianguka kutoka upande huo huo wa ukutani. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji, na Ijumaa alfajiri akafariki. Leo ni Jumamosi asubuhi, na yule bwana wa chumba cha maiti ametupa mpaka Jumatatu saa nne: tulete ndugu, au tulete jina la kumtafutia ndugu, la sivyo halmashauri itamzika pamoja na wale wasiojulikana. Mimi hapa naitwa Spoku. Yeye tulimwita Mzee Blogu, na zaidi ya hapo hatujui.

– Kile kikaratasi cha mguuni wameandika nini? aliuliza Mama Limi. Alikuwa anapepea mkaa, hakunyanyua uso.

– Wameandika Blogu, nikasema.

– Blogu tu?

– Blogu, mwanaume, umri kama sitini.

– Jamani.

– Ulitaka waandike nini? Yule bwana ameniuliza jina la marehemu mara tatu, nimemjibu mara tatu. Mara ya mwisho akaniuliza kama nimekunywa.

Duara akakohoa kwanza, kama kawaida yake. Huyu alichimba dhahabu huko upande wa Geita miaka kumi na minane, akishuka kwenye yale mashimo ambayo wachimbaji wanayaita maduara, ndiko jina lilikotoka. Alichorudi nacho ni kifua kibovu.

– Laini ya simu je? akasema. Siku hizi laini zote zimesajiliwa. Mtumieni hata shilingi mia, jina litajitokeza lenyewe.

– Lilijitokeza jana, akajibu Bungeni.

– Likasemaje?

– Likasema Salome.

Tukamgeukia Mama Limi, maana Salome ni yeye.

– Mnaniangalia nini? Mashine ilikataa vidole vyake. Tulikwenda mara nne. Vidole vyote kumi, mashine inasema rudia, rudia. Mawe na zile dawa za dhahabu vilikuwa vimemla alama zote, vidole vimebaki laini kama mgongo wa kijiko. Yule dada wa usajili akasema hana kitambulisho, hana alama za vidole, basi hana laini. Mzee wa watu akatoka pale ameinamisha kichwa. Ningefanyaje? Nikaweka changu.

– Kwa hiyo serikalini aliyekufa ni wewe, akasema Duara.

– We Duara, leo usinianze.

Bungeni akakunja miguu na kuvuta koti. Anavaa koti hata jua likiwa kali, tangu alipochukua fomu ya udiwani mara ya kwanza. Amechukua mara mbili, na mara zote mbili hajavuka kura za maoni. Koti limebaki.

– Tuelewane, akasema. Mwenye nyumba katufungulia chumba. Kuna godoro, ndoo, shati mbili na baiskeli. Karatasi hakuna. Mwenyekiti wa mtaa kwenye daftari lake kaandika Mzee Blogu. Laini tumeitoa tukaiweka kwenye kiswaswadu cha Duara, kile kisimu cha vitufe, haina jina hata moja lililohifadhiwa. Simu yenyewe imefungwa kwa mchoro, na Duara kaichorachora mpaka imegoma.

– Nilikuwa najaribu kusaidia.

– Umesaidia. Sasa tumebaki na kitu kimoja tu. Huyu mtu alikuwa na blogu. Tukijua kwa nini mtu mzima anakaa miaka saba anaandika blogu, tutajua ni mtu wa namna gani, na tukishajua hivyo tutajua katokea wapi.

– Na hiyo blogu inaitwaje? akauliza Mama Limi.

Bungeni akatoa simu yake, akairudisha mfukoni. Akamtazama Duara. Duara akanitazama mimi.

– Si inaitwa blogu, akasema Duara.

– Blogu ina jina, bwana, akasema Bungeni. Kama duka. Huwezi kuitafuta mtandaoni bila jina lake.

– Basi hatujui.

– Miaka saba hakuna aliyeifungua? akauliza Mama Limi.

– Wewe uliifungua?

Mama Limi akamimina kahawa kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekiomba. Wakati ule ukweli ulikuwa umekaa pale benchini na sisi. Tulijua anaandika, tulimpa na jina kwa hilo, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kutumia bando lake kusoma anachoandika. Tulidhani anatusengenya.

– Mimi naona ni pesa, akasema Bungeni. Mtu anaweka blogu, wazungu wanaweka matangazo pembeni, watu wakifungua anapata chake. Ndiyo sababu ya kwanza ya kila mwenye blogu.

– Chapati moja alikuwa anaila mara mbili, akasema Mama Limi. Nusu asubuhi, nusu anafunga kwenye mfuko. Hizo pesa za wazungu alikuwa anazipeleka wapi?

– Basi ni sifa. Watu wanaandika ili wajulikane.

– Kajulikana wapi, Bungeni? Tunamtafutia jina hapa.

– Sikilizeni sasa. Alikuwa anauliza watu majina. Kweli si kweli? Kila anayekaa hapa, Blogu anamgeukia: samahani, jina lako kamili ni nani, na la mama yako, na kwenu ni wapi. Nani anauliza maswali kama yale? Mtu anayetaka kura. Yule mzee alikuwa anajijengea orodha ya wapiga kura. Alikuwa anautaka udiwani wa hii kata, na mimi nilimshtukia mapema, ndiyo maana jina la pili sikumpa.

– Mtu asiye na kitambulisho agombee udiwani.

– Siasa ina mambo mengi, Mama Limi.

– Mimi nitakwambia alichokuwa nacho, akasema Mama Limi. Ni mwanamke. Kila jioni kabla ya kuondoka alikuwa ananionyesha idadi ya waliofungua. Mama Limi, leo wawili. Mama Limi, leo watatu. Siku moja ikawa sifuri, akaacha kahawa yake kwenye kikombe. Mwanaume hahesabu hivyo kama hasubiri mtu. Na kila baada ya mwezi si alikuwa anapanda basi la kwenda Geita? Anakaa siku mbili tatu, anarudi amechoka, anaandika kutwa nzima. Kuna mwanamke kule alikataa kumsikiliza, sasa yeye anamwandikia, anasema ipo siku atafungua.

– Na majina ya watu?

– Hayo sijui. Labda alikuwa na upweke tu. Mtu akiwa hana wake anaokota wa wenzake.

Akapangusa macho, akasingizia moshi.

Duara alikuwa anazungusha kahawa yake bila kuinywa. Akaweka kikombe chini.

– Nyie hamjakaa machimboni, akasema. Kule duara likikataa kutoa dhahabu, mwenye duara anakwenda kwa mganga. Mganga anataka nini? Majina. Jina la mtu na jina la mama yake. Ukishayapeleka, wale watu wanaanza kuondoka mmoja mmoja, na dhahabu inatoka.

– Duara, nikasema.

– Ngoja nimalize. Mimi jina nilimpa. Na la mama yangu nilimpa. Mwezi uliofuata hiki kifua kikazidi. Nilidhani ni vumbi. Sasa najiuliza, kila mwezi alikuwa anapeleka nini kule Geita?

– Kifua chako kilikuwa kibovu kabla hujaliona hili benchi.

– Kilizidi, Spoku. Na haijaishia hapo. Mtu hana alama za vidole. Hana jina. Hana ndugu. Simu yake imekaa na sisi, tangu juzi mpaka inaishiwa chaji haikuita hata mara moja, na hata laini kwenye kiswaswadu changu haijaita. Hakuna binadamu duniani asiyepigiwa simu siku tatu. Kwenye machimbo kuna watu wamefukiwa na kifusi na hawakutolewa, mwaka ukipita unasikia kaonekana sokoni Katoro ananunua sigara. Sasa niambieni nyie wenye akili. Mnajuaje kama yule alikuwa mtu?

Hapo nilitupa spana. Haikumpiga yeyote, iligonga ndoo.

– Alikuwa mtu, nikasema. Alhamisi nilimbeba mimi. Alikuwa mzito, alikuwa na joto, na alinitapikia shati. Nimelifua kwa mikono yangu. Usiniletee tena hayo maneno kwenye benchi langu.

Duara akainama.

– Hata dini yake hatuijui, akasema Bungeni taratibu, na hapo hakuwa anahutubia. Jumatatu wakitukubalia tumzike wenyewe, tunamzika vipi? Idi alikula pilau kwa Mzee Ramadhani. Ubatizo wa mtoto wa jirani alikaa mstari wa mbele.

– Alikuwa anakwenda anakoalikwa, akasema Mama Limi.

Kisha akanigeukia mimi.

– Spoku, wewe ndiye ulikuwa unakaa naye asubuhi kabla sisi hatujafika. Hakuwahi kukwambia kitu?

– Kitu gani?

– Kitu chochote cha kwao.

Nikaliinua gurudumu lililokuwa mbele yangu, nikalizungusha, nikajifanya natafuta lilipopinda.

Ndipo alipotokea yule dada. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, kitenge kimekazwa, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Mkono mmoja kashika dumu la lita tano, mwingine kashika simu, anaisoma simu na kuangalia kibao changu, anaisoma tena.

– Shikamooni.

– Marahaba, tukaitikia.

– Samahani, hapa ndipo kwa Fundi Spoku?

– Ndipo, nikasema. Baiskeli ina tatizo gani?

– Sina baiskeli, baba. Naitwa Agnetha, nimetoka Ushirombo. Namtafuta mzee anayeandika kwenye mtandao. Hakuweka namba yake ya simu, ameandika tu kwamba anapatikana Shinyanga, Ngokolo, benchi la Fundi Spoku, upande wa ukutani.

Upande wa ukutani ulikuwa wazi, na ndiko alikoelekea kukaa. Mama Limi akamwahi, akamshika mkono na kumketisha karibu yake kwenye kigoda.

– Mwanangu, akamwambia, yule mzee amefariki. Jana alfajiri.

Agnetha akaliweka dumu chini polepole. Akaukaza mfuniko ambao tayari ulikuwa umefungwa.

– Nimemletea asali, akasema. Mama ndiye kaniagiza.

Mama Limi akampa maji. Alipomaliza kunywa Bungeni akamweleza yote, kikaratasi cha mguuni, laini ya simu, Jumatatu saa nne, halafu akamuuliza tulichokuwa tunajiuliza tangu asubuhi, kwa nini yule mzee alikuwa anaandika blogu.

Agnetha alitushangaa.

– Si ameandika mwanzoni kabisa. Hamjasoma?

Tukaangalia chini, watu wazima wanne. Yeye akapekua simu yake, akaanza kutusomea. Anasoma vizuri, kama wale wanaosoma masomo kanisani.

“Blogu hii inaitwa Daftari la Majina. Mimi nilianza kwa kusaga mawe na kuosha dhahabu, baadaye nikawa karani wa duara. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila anayeshuka na kila anayepanda. Niliandika majina ya utani kwa sababu ndiyo tuliyoitana, na asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Siku duara lilipotitia, waliokuwa chini walikuwa tisa. Daftari langu lilikuwa sahihi, halikukosea hata mmoja. Tembo wa Chuma. Njiwa. Saa Sita. Mjomba. Na wengine. Tuliwatoa sita, tukawazika pale pale, na kwenye misalaba tukaandika yaliyokuwa kwenye daftari. Baada ya wiki mbili akaja mama mmoja, anamtafuta mwanae, anaitwa Amosi. Nikafungua daftari mbele yake. Nikamwambia mama, hapa hatuna Amosi. Alipita mbele ya msalaba wa Tembo wa Chuma mara mbili akiwa anatoka. Mwaka uliofuata nilikutana na mtu aliyelala naye chumba kimoja, ndipo nikajua Tembo wa Chuma ni nani. Yule mama sikujua alikotoka wala alikokwenda. Naandika ili siku moja aifungue, yeye au mtu wa kwao. Namtafuta kila mmoja mpaka watimie tisa. Na wa sasa nao nawaandika wakiwa hai, maana ni rahisi zaidi.”

Mama Limi alikuwa ameacha kupepea. Mkaa ulikuwa unakufa.

– Kaka yangu ni Njiwa, akasema Agnetha. Anaitwa Boaz Benedict. Alitoka nyumbani miaka tisa iliyopita, mwaka wa kwanza alikuwa anapiga simu, halafu kimya. Miaka minane hatukulia. Mama alikataa, anasema mtu halii kwa sababu ya simu kuzimwa. Kila Krismasi sahani yake inawekwa. Mwaka huu, mwezi wa pili, huyu mzee akampata mtu aliyekuwa anamjua Njiwa, akaandika. Binti wa dada yangu alikuwa anacheza na simu, akaandika jina la mjomba wake, likatokea. Boaz Benedict, kwao Ushirombo, mama yake Febronia. Tumekaa matanga wiki mbili zilizopita. Mama amelia, sasa anakula.

– Na sisi? akauliza Duara. Anasema anawaandika na walio hai.

Agnetha akapekua tena.

– Wewe ni nani, baba?

– Duara.

“Duara. Jina lake Jilala Maige, kwao njia ya Mwadui, mama yake Martina, marehemu. Anakohoa na hataki kwenda kupima. Dada yake anaitwa Justa, ameolewa Kahama. Namba ya Justa anaijua kwa kichwa, nimemsikia akiitaja, nimeiweka hapa chini. Likitokea lolote apigiwe huyu kwanza, aambiwe polepole, ana presha.”

Duara akavua kofia. Akaifinya, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaanza kulia, kule kwa mtu mwenye kifua, kilio na kikohozi vinagombania njia moja. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

– Bungeni, akaendelea Agnetha. “Bungeni. Jina la kwanza ni Kamili. Jina la pili hataki kutaja, anasema ana maadui. Mtu mwema. Siku ya mvua alinifunika koti lake.”

Bungeni akatazama barabarani.

“Mama Limi. Jina lake Salome, mama yake anaitwa Lusia. Alinipa kidole chake. Mungu amlinde, nikifa atasumbuliwa kwa ajili yangu.”

– Usisome tena, akasema Mama Limi. Akavuta kanga usoni.

Lakini Agnetha alikuwa ameshateremsha kidole, na macho yake yalikuwa yamefika mahali yakasimama. Akaniangalia.

– Soma tu, nikamwambia.

“Spoku, fundi baiskeli. Nimemuuliza mara mbili. Ameniambia niandike Spoku mtoto wa Pedeli. Nitamuuliza tena.”

Ni kweli nilimwambia hivyo. Na tulicheka sana, mimi na Duara. Yeye aliandika.

– Na la kwake? akauliza Bungeni. Mwenyewe kajiandika wapi? Lazima lipo.

– Mahali pake papo, akasema Agnetha. Mwisho kabisa. Amesema, la kwangu nitaliweka nikishamaliza ya watu. Chini yake hakuna kitu. Penye jina la mwandishi ameweka Karani tu. Na ndilo lililonileta, si asali peke yake. Mama anataka misa ya shukrani. Nilikwenda kwa paroko kuandikisha, akaniuliza ni kwa ajili ya nani, nikasema Karani. Akasema binti, altareni siwezi kusoma Karani, kalete jina la mtu. Nimekuja kulichukua.

– Watimie tisa, akasema Mama Limi. Wametimia?

Agnetha akahesabu kwa kidole.

– Saba. Amosi yupo, Boaz yupo. Saa Sita hajulikani. Na mmoja anaitwa Mjomba, ameandika hajapata anayemjua.

Bungeni alijaribu. Alisema Jumatatu tunaweza kuomba tumzike wenyewe, mbao atatafuta, na ubao utaandikwa Mzee Blogu, watu wote wa Ngokolo watamjua ni yeye. Alisema hivyo halafu akayasikia maneno yake mwenyewe, nikamwona anayasikia. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha Tembo wa Chuma.

– Mama yake akija, akasema Duara. Au mtoto wake. Atapita.

Kahawa ilikuwa imepoa kwenye vikombe vyote. Mama Limi aliinua birika, akalitikisa, akalirudisha.

– Lakini miaka saba, akasema Agnetha. Hakuwa anatulaumu, ndivyo alivyoumbwa, anauliza kama mtoto anavyouliza. Miaka saba amekaa hapa. Hakuwahi hata kuanza kuwaambia? Hata mara moja, akaanza tu?

– Mimi hapana, akasema Bungeni.

– Kwangu hapana, mwanangu.

Duara akatikisa kichwa.

Halafu wote wakasubiri kwangu.

Ilikuwa mwezi wa tano, baada ya mvua kukatika. Saa moja asubuhi, hakuna mtu benchini ila yeye. Akaniambia, Spoku, wamefikia saba, na mimi siku hizi sijisikii vizuri. Nadhani leo niandike la kwangu. Nataka kwanza mtu mmoja alisikie kwa masikio. Nikamwambia sema mzee, nakusikiliza. Akaweka simu pembeni, akajikohoza, akakaa sawa kama mtu anayepigwa picha. Akasema, mimi naitwa. Ndipo akafika jamaa mmoja na baiskeli ya mizigo, tairi la nyuma limekwisha, ana haraka ya mnada. Nikamwambia mzee, subiri kidogo nimalize hii pancha. Akasema haina shida. Ilikuwa na matundu mawili. Halafu na mnyororo. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshachukua simu yake, anaandika ya mtu mwingine. Sikumwambia endelea. Nilijisemea atasema kesho, na kesho yake nilikuwa nimesahau, na yeye hakuwa mtu wa kujirudia. Pancha ile ilishikilia wiki moja tu, yule jamaa alirudi kulalamika.

Hayo yote yalikuja mdomoni, na hayakutoka. Nikasikia sauti yangu inasema kitu kingine kabisa.

– Mimi naitwa Luka Magesa, nikasema. Mama yangu naye anaitwa Limi, kama binti wa huyu hapa. Kwetu ni huku huku Shinyanga.

Agnetha alinitazama kwa huruma, na simu yake ilikuwa imezimika mwanga mkononi.

– Asante, baba, akasema. Lakini mimi nilikuwa nauliza la kwake yeye.